Madini ya Zaina

Harufu ya mawese yaliyoungua ndiyo harufu ya mwaka tuliofiwa na mama, baba akiwa ametangulia. Nilikaanga makemba, ndizi za kupika, na kuyauza mbele ya nyumba yetu hapa Kindu, na moshi uliniingia machoni hadi nikazoea kutokwa machozi bila kulia. Mimi ni mkubwa wa watoto watatu. Shule niliiacha ili Zaina na kitinda mimba wetu waendelee. Majirani walituambia yatima hadeki, kana kwamba kati yetu kulikuwa na mwenye nafasi ya kudeka. Kisha akahamia baba mdogo, kwa jina la kutulea. Alilala kitanda cha baba, akakalia kiti cha baba, akala makemba yangu bila kuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilivaa abakosti, suti ya wakubwa wa Serikali, yenye beji ya chama. Mvua zilipoanza akatangaza kwamba Zaina ataolewa na mchimba dhahabu wa Kampene, mtu mwenye wake wawili na ndevu zenye mvi. Zaina alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kufikia mtihani wa Serikali.

Alisomea biolojia na kemia. Kila alasiri alikaa kando ya kikaango akinifasiria masomo kutoka Kifaransa, maana alisema jambo asiloweza kumweleza Yaya, yaani mimi mkubwa wake, kwa Kiswahili, hajalielewa. Ndivyo nilivyojua kwamba ndani ya chembe hai za mwili mna uzi mrefu uitwao DNA, wenye maagizo ya mwili mzima, na kwamba chembe haigawanyiki mpaka uzi huo unakiliwe. Anayenakili ni kimeng'enya. Lakini hata ukikiwekea vipande vyote vya kuunga, kimeng'enya hukaa bure, hakiungi hata kimoja, mpaka zije ayoni za metali, yaani vipunje vya madini vyenye chaji, hasa magnesiamu. Kinachounda RNA, nakala ya muda ya maagizo hayo, nacho ni vivyo hivyo. Nililipenda somo hilo kuliko yote. Mkono mmoja haulei mwana, nikamwambia, na Zaina akacheka, kicheko adimu katika nyumba ile.

Mchumba alikuja Ijumaa baada ya sala. Baba mdogo, akitaka kuonyesha thamani ya mali yake, akamwamuru Zaina amwambie mgeni shule inamfundisha nini. Zaina alimtazama mzee yule usoni.

“Inatufundisha kama ndani ya mwili yangu yote iko madini. Bila ile madini, mwili haiwezi kujinakili. Na ndani yako iko vilevile, papa.”

Mchimbaji akaweka kikombe chini. Yeye na wenzake wa machimboni waliamini kwamba dhahabu ina wivu. Mtu hakuingia shimoni na pete wala sarafu, dhahabu isije ikaona madini mengine mwilini mwake ikamkimbia. “Mimi sina, mutoto,” alisema polepole. “Ningekuwa nayo, singepata hata punje. Wewe njo unayo.”

Baba mdogo alimwamuru Zaina aseme ni mzaha. Zaina akanigeukia mimi. Niliijua hasira ya baba mdogo, na nilijua hatukuwa na nyumba nyingine. Nikasema, “Si mzaha. Hata mimi iko ndani.”

Mgeni aliondoka bila kuaga. Baba mdogo akapiga teke kikaango changu, mawese yakamwagika uani, akatuonyesha barabara. “Muende. Mutakula ile madini.”

Tulikula makemba, sote watatu, katika chumba kimoja cha kupanga kilichovuja, na Zaina akafaulu mtihani.

Leo ni mwalimu wa sekondari mjini humu. Ananiambia wataalamu wameona mengi tangu siku zile: mara nyingi ayoni huwa mbili. Ya kwanza huiandaa ncha ya uzi ishike kipande kipya. Ya pili hutuliza fosfati zinazobanduka kutoka kwenye kipande hicho. Wajukuu wa kike wa baba mdogo wako darasani kwake, na akisikia mwanafunzi yeyote ana posa kabla ya mtihani, huenda mwenyewe nyumbani kwao kuizuia. Siku hizi baadhi ya wazazi humsikiliza. Baba mdogo mwenyewe, sasa mzee, hupita kwetu akitembelea fimbo, akisalimia kwa sauti ya upole ambayo hatukuwahi kuisikia tulipokuwa watoto. Watu hunikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Zaina huitikia salamu zake. Mimi bado.