Tawi la Mkono wa Kushoto

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu, sina homa, sijaonja pombe, na jua lilikuwa bado halijazama. Nalitaja jua kwa sababu watu wengi hudhani mambo ya namna hii hungoja usiku wa manane. Niamini, mchana nao una wenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya zile mvua za El Nino. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mimea ya porini. Tuliikata, tukaibana kati ya magazeti ikauke, tukaipeleka Nairobi ambako wataalamu waliitafutia majina, na ile iliyosifiwa kuwa dawa ilipimwa maabara. Mimi ni mzaliwa wa Taita, lakini kazi hiyo ilinizungusha nchi nzima. Mwenzangu safarini alikuwa Owuor, dereva wetu, mtu wa makamo, mpole, na hodari wa kupanda miti kuliko vijana. Aliniita Madam hata nilipomkataza.

Safari ile tulikuwa tunaufuata mmea mmoja. Kule Macalder waganga wa mitishamba walituambia kuna mmea unaotambaa juu ya mawe, unaotibu degedege la watoto. Huko Ogwedhi nako tukaambiwa vivyo hivyo, na bibi mmoja Mkuria akatuonyesha unga wa mizizi yake ndani ya chupa. Wote waliusifu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona ukiwa hai. Walinyoosha mkono upande mmoja tu, kwenye vilima vya Gwassi, juu ya ziwa. Unajua mtafutaji anavyokuwa akiambiwa kitu kipo ila hakionekani? Nilifikia kuuota.

Gwassi tulikaribishwa na mama mmoja ambaye boma lake liko chini kabisa ya genge la mlima. Alikuwa Msabato, akiishi peke yake, na watu walimwita Min Adhiambo, yaani mama yake Adhiambo. Alitupikia ugali na omena, wale dagaa wa ziwani. Nilipomweleza tunachotafuta, aliacha kula, akanawa mikono. Alisema ukungu wa huko juu hushuka upesi, tusikae hadi jioni. Nikadhani ni maneno ya kawaida ya mwenyeji kwa mgeni.

Kesho yake tulipanda kwa njia ya nyuma, ile isiyo na genge. Tulihangaika siku nzima. Tulipata mimea mingi mizuri, lakini si ule. Alasiri tulipofika juu, Owuor aliketi chini ya mwamba mkubwa kuyapanga majani kwenye magazeti kabla hayajanyauka. Nilimwambia nauzunguka mwamba tu, nitazame upande wa pili, halafu tushuke. Nilikuwa na mkasi wangu wa kukatia matawi, basi.

Sikwenda mbali. Hilo nakuapia. Lakini nilipoinua macho, ukungu ulikuwa umeshafika. Ulikuja kutoka ziwani kama moshi wa majani mabichi, ukanifunika, na ghafla sikuuona mwamba wala mti wowote. Nilisimama. Nikajiambia, tulia, utapita.

Ndipo nikamwona mtu. Alikuwa amechuchumaa mbele yangu, akichambua majani kati ya mawe. Alivaa koti la kijivu, na suruali yake ilifungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Alikuwa ameloa chepechepe, na mvua haikuwa imenyesha siku ile. Nilimsalimu. Hakuitikia, lakini aliinuka, akanyoosha mkono wa kushoto na kunipa tawi.

Nisikilize vizuri hapa. Mimi nimeshika maelfu ya matawi. Lile nililiona nikajua papo hapo kwamba sijawahi kuliona popote, wala vitabuni. Majani mawili mawili yakitazamana, manyoya laini kwa chini, utomvu mweupe, na ua dogo rangi ya damu ya mzee, katikati lina kitu kama nyota. Nililipeleka puani. Lilikuwa na harufu ya maziwa yaliyounguzwa. Nilijawa na furaha. Wewe ungekuwa na hofu wakati huo? Mimi sikuwa nayo hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikilikumbuka.

Nilimwuliza kama iko mingine, yenye matunda na mizizi. Tawi moja halitoshi kazi yetu. Akageuka, akaanza kutembea, nami nikamfuata. Akasema kwa Kijaluo, bila kunitazama, "Nyathi osechiewo?"

Kijaluo changu kilikuwa cha salamu na cha sokoni, lakini hayo niliyaelewa. Ananiuliza kama mtoto ameshaamka. Mtoto gani? Sikumjibu, nikaendelea kumfuata. Akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeuliza mlangoni akiwa hataki kumwamsha aliyelala.

Hapo hofu ikaniingia. Nikamwita Owuor kwa nguvu. Nikasikia sauti yake ikinijibu, sauti ya Owuor kabisa, na ule ukwaruzo wake wa mvuta tumbaku: "Kuja tu. Iko hapa mingi."

Sauti ilitoka mbele yangu. Nilikuwa nimemwacha Owuor nyuma. Lakini ndani ya ukungu ule, nani ana uhakika wa mbele na nyuma? Nikafurahi kumsikia. Nikaongeza mwendo. Yule mtu wa koti alikuwa hatua chache tu mbele, na kila nilipomkaribia alikuwa bado hatua chache mbele.

Sasa, watu wa kando ya ziwa wana desturi yao. Ule upepo mbaya unapotoka majini jioni, husema ni Nyawawa, roho zinazopita. Kila boma watu hutoka nje wakagonga mabati, sufuria, madebe, chochote chenye kelele, ili zisigeuke na kuingia nyumbani kwao, bali zipite tu. Mimi ni Mwanglikana, nilikuwa nimelisikia jambo hilo nikalipuuza. Jioni ile nikiwa natembea, kelele zikaanza. Sufuria moja, kisha debe, kisha kijiji kizima.

Na kelele zile zilitoka chini ya miguu yangu.

Hazikuwa mbali, wala hazikuwa bondeni upande fulani. Zilipanda wima, kama mtu anayegonga sufuria chini ya kitanda ulicholalia. Mwili ulielewa kabla ya akili. Niliketi chini kwa kishindo, nikashika majani kwa mikono yote miwili. Nikaunyoosha mguu mbele, taratibu, kutafuta ardhi. Haikuwapo. Kisigino changu kilining'inia hewani.

Ukungu ukapasuka kidogo. Nikayaona mapaa ya mabati huko chini, madogo kama viberiti, na moshi wa majiko ukipanda. Ulipanda ukapita kwenye nyayo za yule mtu. Alikuwa amesimama mbele yangu, pale nilipokuwa nakwenda kukanyaga, na chini yake hapakuwa na kitu. Alikuwa amenigeukia. Uso wake haukuwa wa kutisha, sitaki nikudanganye. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, mwenye haraka. Akafungua kinywa, na sauti ya Owuor ikatoka humo: "Kuja, Madam."

Nilirudi nyuma kwa makalio, kisha kwa tumbo, nikitambaa kama mtoto, macho nimeyafumba. Sijui nilitambaa kwa muda gani. Nilishtuka nimegonga kiatu cha mtu, nikapiga yowe, na mikono ikanishika. Alikuwa Owuor wa kweli, na jasho lilikuwa linamtoka.

Sikumwambia kitu mpaka tumeshuka nusu ya njia. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema hakunisikia nikimwita hata mara moja. Kilichomfanya aache kazi aje kunitafuta ni mazungumzo. Alisikia watu wawili wakiongea upande wa pili wa mwamba, mwanamume na mwanamke, wakicheka kidogo kama watu wa nyumba moja. Sauti ya mwanamke ilikuwa yangu. "Ulikuwa unaongea Kijaluo safi, Madam," aliniambia. "Kijaluo cha hapa hapa Gwassi."

Tulimkuta Min Adhiambo bado amesimama uani na sufuria yake mkononi. Aliona matope kwenye nguo zangu, kisha akaliona tawi. Ndiyo, nilikuwa bado nimelishika. Nimetambaa kote huko na sikuliachia, na sikumbuki kulishika.

Aliniuliza nani amenipa. Nilipotaja kamba ya katani aliketi juu ya kinu. Akaniuliza alinipa kwa mkono upi. Nikamwambia wa kushoto. Ndipo akatueleza, na mambo mengi Owuor alinitafsiria.

Mumewe alikuwa wa mkono wa kushoto. Miaka mingi nyuma, Adhiambo akiwa mtoto wa kubebwa, alishikwa na degedege, akapoteza fahamu. Baba yake alipanda mlimani alasiri kuitafuta dawa ile. Huku nyuma majirani walimbeba mtoto hadi zahanati ya misheni, akadungwa sindano, na asubuhi akafungua macho akataka kunyonya. Baba hakurudi. Walimtafuta chini ya genge, kwenye vichaka na mapango, wakapata panga lake tu.

Wajaluo wanapomkosa maiti huzika tunda la yago mahali pake, lile tunda refu la mwegea, ili mtu apate kaburi na atulie. Wazee walimjia Min Adhiambo mara nyingi kwa jambo hilo. Aliwakatalia. Nizike tunda, aliwaambia, halafu akirudi nimwambie nini?

Nilisita kumweleza lile swali. Lakini ningelificha vipi? Nikamwambia mumewe aliniuliza kama mtoto ameshaamka, na kwamba aliuliza mara mbili.

Min Adhiambo aliniangalia. Hakulia. "Na wewe ukamjibu nini?"

Nikasema sikumjibu.

"Ungemwambia, nyathina," alisema polepole, akiniita mwanangu. "Ungemwambia tu ameamka."

Kulipokucha alijifunga leso, akaenda hadi chini ya genge. Alitukataza kumfuata, lakini tulimsikia. Alikuwa anaita kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza juu. Owuor alivua kofia. Alinieleza kwamba mama anamwambia mumewe kuwa Adhiambo alipona, alisoma, ameolewa upande wa Asumbi, ana watoto watatu, na wa kwanza amepewa jina la babu yake. Alirudia maneno hayo mpaka sauti ikamkauka. Wiki hiyo hiyo wazee waliitwa, yago likakatwa, likavalishwa shati la marehemu na kuzikwa upande wa kulia wa nyumba. Adhiambo mwenyewe alikuja, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Mchungaji wa Kisabato hakuja, na hakuna aliyemlaumu.

Je, alitulia? Sijui. Najiuliza hadi leo kama alikuwa ananipeleka kwenye dawa, asijue kwamba yeye mwenyewe alishaanguka, au kama alitaka mwenzake wa kuwa naye huko aliko. Owuor anashikilia la kwanza. Mimi nikimkumbuka yule mtu akiniita kwa sauti isiyo yake, nashindwa kukubaliana na Owuor.

Tawi lilifika Nairobi salama. Wataalamu waliligeuza na kuligeuza, wakalilinganisha na makabati mazima ya mimea mikavu, wakakiri hawalijui. Hawakuupa mmea jina, wakitaka kwanza mmea kamili wenye mizizi na matunda. Wakaniagiza nirudi. Nilikataa, wakaona ni ukaidi, nikahamishiwa kazi ya ofisini. Sikujitetea. Ningewaambia nini watu wenye darubini?

Kazi ya porini nisingeiweza tena hata kama wangeniachia. Tangu jioni ile pua yangu imeharibika. Sisi huponda jani tukalinusa, na harufu hutuambia jamaa zake. Mimi sasa nikiponda mnanaa, nikiponda mrehani, nikiponda jani la mpera, nasikia maziwa yaliyounguzwa. Chakula ni hivyo hivyo. Madaktari wawili wamenipima, hawakuona kasoro. Wajukuu wakinibusu, nageuza uso kidogo ili wasinione ninavyokunja pua.

Nasikia siku hizi wanakuja watafutaji wengine Gwassi, vijana wenye viatu vizuri, na wote wanataka dawa ya porini. Dawa ipo, siwezi kukudanganya. Lakini kama ni wewe unayepanda huko, na ukungu ukakukuta, na ukasikia mwenzako anakuita ilhali uso wake huuoni, usiende. Keti hapo hapo ulipo. Papasa mbele yako kwa mkono kabla ya kupeleka mguu, na kama ni kurudi, rudi kwa kutambaa. Ni afadhali ufike nyumbani na matope magotini.