Asubuhi Baba Aliponipa Shikamoo

Baba yangu mzazi alinipa shikamoo.

Sitanii. Niliingia chumbani kwake na kikombe cha uji, akanitazama kama mgeni wa heshima, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba.

Sijui kwa nini niliitikia. Mdomo ulijiendea wenyewe. Nikaweka uji kwenye stuli, nikasimama pale kama nguzo.

Naitwa Rahima, tunakaa Nkende hapa Tarime mjini. Baba ni Mzee Abubakari, fundi bati. Watu wa zamani sokoni wanamjua kwa majiko na masanduku ya wanafunzi. Tangu mama afariki nimebaki naye mimi. Kaka yangu Sadick yuko Sirari na biashara zake za mpakani.

Tezi dume ilimbana baba mpaka mkojo ukagoma kabisa. Hospitali wakamwekea mpira, ule unaopitisha mkojo kwenda kwenye mfuko wa plastiki, akae nao huku anasubiri upasuaji.

Kumwaga ule mfuko ikawa kazi yangu.

Nikimwaga, yeye anageukia ukutani. Hatuongei. Sikuona kinyaa, sikuona huruma. Nilifanya tu, kama mtu anayeosha vyombo. Tangu tumzike mama nilikuwa hivyo. Nakula bila njaa. Wenzangu wakicheka, na mimi nacheka.

Halafu baba akasema atakuwa anamwaga mwenyewe, ameshazoea. Sikuuliza swali. Niliona nimepunguziwa kazi.

Basi asubuhi ile, baada ya shikamoo, akaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamshika mkono, unaunguza. Mara akaanza kugonga godoro kwa ngumi, kama ana nyundo.

"Leta bati! Wateja wamejaa nje!"

Nikampigia Sadick.

Alifika kwa gari, Probox ya rafiki yake Rubeni, Rubeni mwenyewe akiendesha. Jirani yetu Mama Mogesi alishakuja, amekaa mlangoni na kitenge begani.

"Mzee anaaga," alisema taratibu. "Wazee wakianza kuwaamkia watoto wao, ujue wanaaga."

"Haagi," Sadick akaruka. "Huyu katupiwa kitu! Kuna mtaalamu Nyansurura, kule Serengeti. Tunampeleka saa hii hii."

"Na homa?" nikauliza.

"Homa ni malaria. Atameza dawa njiani. Wacha maswali, Rahima, mvalishe tuondoke."

Sikubishana. Niseme ukweli, nilifikiri, "Anakufa," na hilo wazo likapita kama mtu anapokumbuka kwamba chumvi imeisha.

Nikaingia kumvalisha.

Siku hizo baba alikuwa havui koti lake kubwa, hata jua liwake vipi. Nikamvua kwa nguvu.

Nikaona mfuko wa mkojo umefungwa kwa kipande cha kanga juu kabisa, kwenye mbavu, chini ya kwapa. Mpira umejikunja. Mkojo ulikuwa kidogo tu, mzito, rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake ilinigeuza uso.

Nikamgusa chini ya kitovu. Pagumu. Baba akapiga kelele.

Ndipo maneno ya nesi Judith yakanijia. Siku tunaruhusiwa alikaa na mimi kwenye benchi, akasema, "Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote. Na mwenye mpira akipata homa, akitetemeka, mkojo ukichafuka au ukikata, au mzee akichanganyikiwa ghafla, usisubiri kesho. Mlete."

Nikatoka nje.

"Tunaenda hospitali."

Sauti yangu ilikuwa ile ile ya kusema chai iko tayari.

"Rahima, nimeshasema Nyansurura!"

"Mkojo umeharibika, kaka. Njoo unuse."

Akaingia. Akaziba pua. Kisha akaushika ule mpira.

"Basi tuutoe! Si ndio unamuua?"

Nikamdaka mkono. "Una puto ndani huo. Ukiuvuta utamchana. Wautoe wao."

Mama Mogesi akasimama. "Mura, kijana wangu, msikilize dada yako. Nyansurura haihami."

Rubeni alikuwa ameshawasha gari. "Nielekee wapi sasa?"

Sadick aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia barabara.

"Hospitali," akasema.

Daktari alikuwa kijana, hakutugombeza. Alimpima, akaona presha imeshuka, akaita manesi.

"Ana maambukizi ya njia ya mkojo, na yameanza kuingia kwenye damu," alituambia. "Kuchanganyikiwa kwake ni ugonjwa, si akili kuharibika. Mngempeleka kwingine kwanza leo, sijui kama mngerudi naye."

Wakatoa mpira wa zamani, wakaweka mpya. Mkojo ukapelekwa maabara kuotesha, ijulikane ni vijidudu gani na vinasikia dawa ipi. Dripu, sindano, dripu tena.

Mimi nilikaa kwenye benchi. Mama mmoja nisiyemjua akanipa ndizi. Nikala. Sikusikia utamu wake.

Homa iligoma kwanza, kisha ikaanza kushuka. Mchana mmoja baba akafungua macho, akazungusha shingo.

"Rahima, hapa ni wapi?"

Sadick akaenda dirishani kulia. Mimi nikaenda kutafuta uji.

Niliporudi, Sadick alikuwa bado anatafuta mchawi wake.

"Baba, nani alikufunga ule mfuko kwapani? Nitajie jina tu!"

Baba akajivutia shuka kifuani. Kisha akasema, "Nilifunga mwenyewe."

"Wewe?"

"Nilikuwa naenda msikitini. Nitembee mkojo unaning'inia mguuni, watu wanaona? Nikaupandisha, nikavaa koti."

Akageuka kwangu.

"Na maji niliacha kunywa. Nikinywa, unajaa. Mikono yangu inatetemeka, ukijaa nitamwaga chini, halafu utakuja kufuta wewe. Nikasema bora kiu. Nilisikia moto huku chini, nikanyamaza."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unamwaga mkojo wangu na uso kama wa maiti. Nikajua nimekuchosha."

Nikashika chuma cha kitanda.

Mimi nilidhani uso wangu hauonekani. Kumbe kuna mtu alikuwa anausoma kila siku, na alikuwa anausoma vibaya.

"Sijachoka na wewe," nikamwambia. "Nimechoka tangu mama afe. Hayo ni mambo mawili, baba."

Baba akainua kichwa kidogo kwenye mto.

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Akacheka kidogo, akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akaomba maji. Nikampa. Akanywa yote, macho yake yako kwangu, na safari hii hakugeukia ukutani.

Baadaye alifanyiwa upasuaji, mpira ukatolewa. Mimi bado siko sawa sana. Lakini jioni nyingine tunakaa nje na baba, tunamtaja mama kwa jina.

Ndugu yangu unayesoma, kama nyumbani kuna mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, nawa mikono kabla ya kuugusa na baada ya kuugusa. Mfuko ukae chini, mpira usijikunje, na maji anywe kama daktari alivyomwelekeza. Ukiona homa, kutetemeka, maumivu ya tumbo la chini au mgongo, damu, mkojo mchafu, au hautoki kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mzee akianza ghafla kuongea yasiyoeleweka, usikimbilie kusema uzee au uchawi. Usimpe dawa zilizobaki kabatini, na mpira usiuvute.

Na ukimaliza kumwaga mfuko, kaa kidogo. Muulize anajisikiaje, na ungoje ajibu.