Simbi za Idi

Siku ile ya Idi haijanitoka, mwanangu. Mdogo wangu Nuru yuko mikononi mwa mama, midomo imegeuka rangi, pumzi inapiga mluzi, na geti la seng'enge limefungwa mbele yetu. Ndio kwanza alikuwa anaanza kutambaa.

Nirudi nyuma kidogo. Wakati wa vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa Kisomali, tulikusanywa kwenye kijiji cha seng'enge, nje ya Garissa. Kabla ya hapo, kila Idi bibi yetu, Ayeeyo tulimwita, alipamba nyumba yetu ya mikeka kwa simbi nyeupe, yale makombe madogo ya baharini. Alizitunga kwenye ukanda wa ngozi ya ngamia, kila simbi na fundo lake, akaufunga juu kabisa kwenye miti ya paa. Mama alipotaka kuushusha kidogo upendeze, aliambiwa, "Mtoto anaona kwa mdomo. Pandisha."

Basi mwaka ule ngozi itoke wapi? Ngamia wetu walichukuliwa na serikali, na aliyeonyesha walipofichwa ni chifu wetu, Dheere, mtu wa damu yetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ayeeyo akatunga simbi kwa uzi wa gunia. Na nyumba tuliyoruhusiwa kujenga ilikuwa fupi, paa unaligusa kwa mkono. Asubuhi ya Idi uzi ukakatika, Nuru akaokota simbi akaitia mdomoni.

Ayeeyo alimpiga mgongoni, simbi ikakataa kutoka. Tukakimbia getini. Hospitali haikuwa mbali, mabati yake tunayaona. Sajini tuliyemwita Macho Mekundu akasema ruhusa ni ya chifu. Chifu akaja na kanzu mpya, ananukia udi. Mama akamwita adeer, yaani ami, akamshika miguu.

"Mtoto wa shifta akikohoa ndiyo geti lifunguliwe?" chifu akasema, na sajini akacheka.

Mluzi wa pumzi ya Nuru ukanyamaza pale pale.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo, tukanyang'anywa. Wewe una kamba imara na paa refu, huna udhuru. Idi ikija, usitundike kitu kinachoenea mdomoni mwa mtoto: shanga, vifungo, simbi, hivi vitaa vidogo vya dukani. Tundika mikeka na vitambaa vya rangi, juu asikofika, na uivute kamba kwa nguvu zako zote kabla hujaiamini. Mungu awape watoto wako pumzi ndefu, mwanangu.

Dheere yuko hai. Anakaa mtaa wa Iftin, hapo Garissa, kila Idi huswali safu ya mbele, na watu humbusu mkono. Nataka ageuke awatazame watu hao hao, na Macho Mekundu aletwe kama bado yupo, waseme kwa nini hawakufungua.