Winga Mwaustralia Aliyetufundisha Kurusha Nyuma

Enzi zetu katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mpira ulikuwa wa matambara na kamba za mgomba, na ulikuwa wa mviringo. Kwa hiyo siku mzee tuliyemwita Babu Winga alipotoa kwenye begi mpira wenye umbo la yai, tulidhani umekanyagwa na lori.

Alikuwa mzee Mwaustralia, masikio yamekunjamana, goti moja halikunjiki, aliyekuja na watu wa kanisa kutujengea madarasa. Ujanani alicheza raga, ile ya watu kumi na watatu, pembeni kabisa mwa uwanja. Siku za kazi alikuwa mwashi. Jumamosi watu walijaa kumtazama akikimbia. Hata timu ya taifa ilimwita.

Jioni, tukinuka moshi na maharage, alitufundisha. "Kimbieni mbele, rusheni nyuma!" Tulichanganyikiwa. Nani anafika mbele kwa kurusha nyuma? Mama alitufokea mlangoni, "Nyie, mchezo huo utawarudisha Burundi!"

Kisha jioni moja Babu Winga akatusimulia fainali yake ya mwisho. Alikuwa na mpira, amebakiza hatua chache kuvuka mstari. Beki aliyemrukia akaanguka vibaya, akalala bila kujongea. Babu Winga akasimama, akauweka mpira chini, akaenda kupiga magoti kando yake. Timu yake ikashindwa. Hakuitwa tena kucheza, na mtaani kwao watu waliacha kumsalimia.

Ezekieli, mtoto wa mjomba, akamuuliza, "Babu, ulikosea?"

Mzee akajibu, "Sijui, mwanangu. Mpaka leo sijui."

Mwaka huu mwanangu ameanza mpira wa Kimarekani shuleni, hapa Marekani, mtaa wa West Side mjini Buffalo. Nilipoona anarusha mbele, nikapiga kelele, "Nyuma! Rusha nyuma!" Wazazi wote wakanigeukia. "Mama, stop! Hapa tunarusha mbele," akasema kwa aibu. Watoto wa siku hizi wanavaa helmeti na mabega ya plastiki ili waangukie nyasi laini. Sisi tuliangukia changarawe, tukarudi nyumbani kuchapwa kwa kuchana kaptula.

Jumapili, baada ya ibada, nikawapigia simu wawili kwa pamoja: Ezekieli, anayefanya kazi ghalani karibu na Okolona, Louisville, na dada yangu Joziane, aliyeko Columbus. Nilitaka jina halisi la yule mzee. Hakuna aliyelijua.

"Lakini alifunga," akasema Joziane. "Alifunga kwanza, ndipo akamrudia yule beki."

"Hapana, dada," akasema Ezekieli. "Aliyeanguka ni yeye mwenyewe. Goti si mliliona?"

"Na wewe ndiye uliyemuuliza kama alikosea!" nikamwambia.

"Mimi? Siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya maji."

Tukabishana hadi simu zikaanza kuzima. Zamani tulikaa chini pamoja, tukasikia hadithi moja kutoka mdomo mmoja. Leo tuko miji mitatu, na kila mmoja ana Babu Winga wake. Wa kweli ni yupi, sijui. Natamani tu ubishi ule tungeufanya tumezunguka sahani moja, tukinyang'anyana ukoko.