Mkwe Wangu na Ndoo ya Alfajiri

Bomba la uani lilikoroma, kisha maji yakaanza kuingia kwenye ndoo. Polepole, kama ya mtu anayeiba.

Nje bado giza. Nikachungulia dirishani.

Mkwe wangu. Ndoo mkononi, brashi kwapani, mtandio hadi usoni. Akaufungua mlango wa nje huku ameubeba usilie.

Ilikuwa Jumatano. Na Jumatano ya nyuma alifanya vivyo hivyo.

Mwanangu ni dereva wa lori, wiki nzima hayupo nyumbani. Sasa nyie mngefikiria nini?

Aliporudi akaniletea chai. Nikamtega.

"Mwanangu, mbona viatu vina matope?"

"Njia ya sokoni hiyo, mama."

Sokoni kuna lami tangu zamani. Nikanywa chai.

Binti huyu ndiye aliyekuwa akiniogesha nilipovunjika mguu, na maji aliyapima kwanza kwa kiwiko chake. Ndiyo maana iliniuma.

Jumatano iliyofuata nikamfuata na mkongojo wangu. Namba ya mwanangu nimeshaiweka tayari kwenye simu. Nikiona ninachokiwaza, ndoa imekwisha.

Akaingia makaburi ya zamani, nyuma ya mtaa wetu.

Makaburi yale yalikuwa fahari ya mji. Matajiri walizikwa mbele, chini ya malaika wa marumaru walioletwa kwa meli. Sisi wengine tukabanwa nyuma yao. Baadaye barabara ikapanuliwa, geti kubwa likazibwa, wakatoboa jingine upande wa pili. Siku hizi pamejaa. Kaburi lisilo na dalili ya kutunzwa na mwenyewe hupakwa rangi nyekundu, halafu linachimbwa apewe mwingine.

Mume wangu, fundi saa, amelala mle. Tangu nivunjike mguu sijamwona.

Nikamkuta mkwe amepiga magoti, anasugua kaburi. Na nyuma ya malaika aliyevunjika bawa, mwanamume amejibanza.

Nikasema moyoni, ndiye huyo.

Akajitokeza. Mzee wa rika langu, naye ana ndoo.

"Leo nimewahi, nimekukamata," akamwambia mkwe. "Wewe ni nani unayemwosha mke wangu kila wiki? Mwenzio silali. Nadhani marehemu alikuwa na mambo yake."

"Mke wako? Huyu ni baba mkwe wangu. Mama husema yuko kushoto kwa malaika huyu."

Nikatokea. "Kushoto ukiingilia geti la zamani, mwanangu. Hili jipya linakuingiza kwa nyuma."

Akashika mdomo. Majina kwenye mawe yalishaliwa na mvua, angejuaje? Alikuwa amesikia habari za rangi nyekundu, akanificha presha yangu isipande. Kumbe siku zote anamwosha mke wa watu.

Nikageukia upande wa fundi saa wangu. Nilijua nitakuta rangi.

Hakuna. Jiwe linang'aa.

"Hilo naosha mimi," mzee akasema. "Nakuja nakuta kwangu pasafi, na maji nimeshabeba. Nirudi nayo? Nikawa nammwagia jirani."

Tukacheka, mkwe akicheka na kulia. Simu nikaizima, nikaificha kwenye khanga.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, mtu wako akitoka kwa kunyata, muulize kwanza. Huenda mzigo anaoubeba ni wako.

Tulipoaga, mzee akatusindikiza hadi getini.

"Mje tena Jumatano," akasema. "Wa kuosha ninaye. Sina wa kuongea naye."