Fegi ya Kufunga Dozi

Kliniki ukishakunywa methadoni, dawa ya kuachia heroini, mbele ya nesi, lazima useme neno, ajue hujaificha mdomoni. Mimi humwamkia tu, maana ni mtu mzima. Akiitikia, natoka moja kwa moja hadi ukutani, kwa wenzangu tulioacha unga, tunawasha fegi. Tuliamini fegi ndiyo inayofunga dozi. Usipovuta, dozi haikai. Kufika mchana arosto imekushika, mifupa inauma, jasho linatoka, na miguu inakupeleka yenyewe kwenye unga. Nilikuwa na miaka miwili bila unga. Sikuwa tayari kuichezea.

Nesi aliponiambia niache na sigara, nikapatana naye kama ninavyouza mitumba Mwembesongo. Nilikuwa navuta kumi na sita kwa siku. Nilihesabu mara mbili, nikitumaini hesabu ya pili itanionea huruma. Nikasema zote nazitoa, nibakishiwe moja ya baada ya dozi. Akakataa. Nikashuka hadi nusu ya hiyo moja. Akaniuliza ni nani nimemwona akipata arosto kwa kukosa fegi. Nikapekua kichwa chote. Sikumpata hata mmoja.

"Kesho usivute mpaka saa saba," akasema. "Arosto ikija, niko hapa, njoo unitukane."

Kesho yake nikanywa, nikapita ukutani bila kusimama. Mshikaji niliyeanza naye dozi wiki moja akaninyooshea kipisi.

"Vipi, umeokoka?"

"Najaribu."

"Ukianza kutetemeka usije kwangu."

Nikaenda kutandaza mashati yangu. Saa nne viganja vikalowa, nikajua ndiyo hiyo. Nikayahesabu mashati: thelathini na moja. Nikarudia: thelathini na moja. Kwenye arosto sijawahi kufika kumi. Saa sita hamu ilinibana hadi nikatafuna kifuniko cha kalamu, lakini ilikuwa hamu tu. Mifupa ilikuwa kimya. Wingu likapanda Uluguru, saa saba ikapita, na mimi mzima.

Nikamwachia muuza chipsi mashati, nikakimbia mpaka kliniki. Nesi alikuwa anakula. Aliniona ninavyohema, akaweka tonge chini.

"Imekuja?"

"Haijaja, mama. Naomba uniongezee muda wa kutovuta, mpaka jioni."

Akakubali hapo hapo, bila kubishana. Ndipo nikajua nimeomba kidogo.