Kago la Mjomba

Nilipokuwa mtoto kule Baleni, nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha mihogo ambacho hakuna mtoto aliyethubutu kukikanyaga. Kilikuwa cha Mjomba Shomari, kaka mkubwa wa mama. Mihogo yake ilikuwa mirefu kupita ya watu wote kwa sababu haikung'olewa, na sisi hatukujiuliza ni mkulima gani anayeacha mihogo izeeke ardhini. Pembeni alichomeka kijiti, na juu yake akaweka kifuu cha nazi kilichofungwa kitambaa chekundu. Hilo ndilo lilikuwa kago. Kwetu mtu huweka kago ili mwizi anaswe: akiingia, tumbo linamshika, na haponi mpaka mwenye kago amfungue kwa mkono wake.

"Mkiingia humo msinililie," alituambia. "Mtanikuta nimekwenda baharini."

Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, alimwamini mwanawe kuliko alivyoyaamini macho yake. Sisi tulimwamini bibi.

Mdogo wangu Tatu alikuwa na miaka saba, mimi kumi. Tulikuwa na kuku mmoja mwenye tabia ya kutaga mafichoni, na asubuhi moja bibi akanituma nitafute mayai. Nikamwona kuku anatoka kwenye mihogo ya mjomba. Niliogopa, kwa hiyo nikamtuma Tatu. Naliandika hili waziwazi kwa sababu sina muda wa kujipamba.

Alitoka na mayai matatu kwenye upindo wa gauni, anacheka.

"Dada, mjomba kapanda mchicha mrefu kama yeye! Unanuka kikwapa."

"Nyamaza wewe. Hukuguswa na kitu?"

"Nimeguswa na kuku."

Siku ya nne tumbo likamuuma. Lilianzia kitovuni, likahamia chini upande wa kulia, akawa anatembea amejikunja. Akatapika. Bibi akambana, na Tatu akakiri kwamba aliingia. Hakusema nani alimtuma.

Mama alitaka apelekwe hospitali Kilindoni. Jirani alikuwa na baiskeli. Bibi akasimama mlangoni.

"Mtoto kashikwa na kago, wewe unataka achomwe sindano? Sindano na kago havikai mwili mmoja. Unataka nimzike?"

Wengi waliamini hivyo, na wapo wanaoamini mpaka leo. Mama akakaa chini. Mjomba akaitwa.

Alikuja mchana. Akamtazama Tatu pale mkekani, akatutazama na sisi. Maneno mawili tu yalihitajika, hakuna kago, na baiskeli ilikuwa uani. Badala yake akaenda kukifungua kile kitambaa, akakilowesha kwenye kikombe cha maji, akamnywesha mtoto. "Nimekufungua, mama. Tulia." Kisha akaketi barazani, akaletewa chai.

Jioni maumivu yakapungua. Bibi akamshukuru Mungu na mwanawe. Siku hizi najua, kwa kuwa daktari mmoja alinieleza, kwamba kidole tumbo kikipasuka maumivu yanaweza kutulia kidogo kabla usaha haujasambaa. Wakati ule tulichojua ni kwamba mjomba ni fundi. Kesho yake tumbo la Tatu lilikuwa gumu kama ubao na mwili unawaka. Mjomba akaulizwa tena, akasema tuvute subira, kago hutoka taratibu. Mama hakuvuta. Alimsukuma bibi pembeni, akambeba mwanawe, akapanda nyuma ya baiskeli ya jirani. Tatu alifia njiani, Kilindoni hata haijaonekana.

Na kifo kile kikampa mjomba jina. Watu walikuja mpaka kutoka Kiegeani kutaka awawekee kago kwenye minazi yao. Aliwawekea.

Kweli niliijua nikiwa kidato cha tatu. Nilirudi likizo, upepo ukiwa umelaza mihogo upande mmoja, nikauona ule "mchicha" umesimama katikati. Shuleni tulikwisha kuonyeshwa picha zake. Bangi. Niliingia mpaka katikati, nikasimama hapo kwa muda mrefu. Tumbo langu halikufanya kitu. Nilipomwambia mama, hakuacha kukuna nazi.

"Ni kaka yangu," alisema. "Yameshapita."

Mwaka huu mjomba amekuja kwangu hapa Kilindoni, mzee, ameshika tumbo. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri.

"Marahaba, marahaba. Mwanangu, nipeleke hospitali. Sasa hivi, usinipikie kwanza."

Nikaita bajaji. Alichomwa sindano mbili bila kuuliza za nini. Tulipokaa kwenye benchi kusubiri kitanda, nikamuuliza kama nilivyotaka kumuuliza miaka yote hiyo.

"Mjomba, ulijua hakuna kago."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Wangeuliza naficha nini kule. Ningefungwa, mama. Miaka mingi."

Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakuanika samaki siku ya mvua.

Kwa muda mrefu nilimlaumu bibi. Sasa simlaumu tena. Angeijua kweli, angembeba Tatu mgongoni mpaka hospitali na miguu yake ile mibovu. Alimzuia kwa sababu aliamini, na usiku wote ule hakulala. Mimi pia nilimtuma mdogo wangu nikiamini, na hilo nitalibeba. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi, mjomba alikuwa na ndevu. Pale nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu asiyeamini kago. Akatuacha na imani yetu kwa sababu ilimfaa, akanywa chai. Watu huniambia nimsamehe, ni mtu mzima. Kwani siku ile alikuwa mtoto?

Nesi alikuja na daftari. "Wewe ni binti yake?"

"Hapana," nikasema, kwa sauti ambayo mjomba aliisikia. "Mimi ni dada yake Tatu."

Nesi hakuelewa, akaandika "ndugu". Mjomba aligeukia ukutani. Nilimnunulia uji, maana mgonjwa lazima ale, nikarudi nyumbani kwa wanangu. Radhi hajaniomba. Akiniomba, sidhani kama ni yangu kuitoa.